Mstari Ule Hakuutunga Faki

Zuwena mwanangu,

Salamu utazipata kesho asubuhi mlangoni, kwa mdomo wangu, pamoja na maneno ya kukuchekesha ili usilie mbele ya dereva. Hapa naandika yale ambayo mdomo umeyakalia miaka ishirini. Nimeanza baada ya sala ya alasiri, wewe umekwenda kuaga wenzako, na mlango nimeufunga kama mwizi.

Herufi hizi zisikushangaze. Skuli mie sikuiona hata dirisha lake. Baba yangu alisema msichana akijua kuandika ataandikia wanaume. Lakini chuoni kwa mwalimu wa Kurani nilikwenda, nikashika ubao na kalamu ya utete, nikazivisha herufi za Kiarabu Kiswahili changu, kama walivyofanya wanawake wengi wa rika langu. Nawe nilikufundisha hizihizi kabla hujazijua za skuli. Ukikwama, soma kwa sauti, utanisikia.

Sikuagizi habari ya kula, wala nguo, wala wanaume. Hayo nimeyasema mpaka umenibandika jina la redio. Nataka kusema habari ya daftari lako la buluu, kwa sababu kesho unakwenda nalo chuo kikuu, na ukurasa wake wa mwisho ni uongo. Uongo wenyewe si wako. Ni wangu.

Ulikuwa ukinisomea hapa ukumbini, mie nasuka ukili wa mkeka, wewe umelala kifudifudi na miguu juu. Kila malenga na ukurasa wake: alizaliwa wapi, aliishi vipi, alikufa vipi, na chini kabisa ule mstari wake unaojulikana na kila mtu, umeuandika kwa wino mwekundu. Huyu alifungwa. Huyu alikufa peke yake katika chumba cha kupanga. Huyu wa kale, mfalme alimvisha joho, mwezi wa pili akamkata kichwa. Nikakuuliza, "Hivi hawa wote hawana dada? Nani aliwapikia?" Ukacheka, ukasema, "Bibi, hayo hayamo vitabuni." Nami nikainama nikaendelea na ukili wangu.

Halafu ukafika ukurasa wa mwisho, ukakaa kitako, ukajisafisha koo. Faki wa Wambaa. Ndugu yangu mdogo, babu yako. Ulisoma kwamba alikuwa malenga wa watu, kwamba aliteswa kwa kusema kweli, kwamba mstari wake mmoja ulitoka hapa kijijini ukafika Chake Chake na ukavuka bahari. Ukausoma:

Aliyeuza kiapo, asishikiwe jeneza.

Ukaniambia mwalimu wako mpya huko uendako ameahidi kuutia ukurasa huo katika kitabu cha kupigwa chapa. Uso wako ulikuwa unang'aa. Nikasema, "Mashaallah." Neno zuri nikalitumia vibaya.

Mstari ule hakuutunga Faki. Niliutunga mie, nimekaa pale unapopajua, karibu na mlango wa uani, siku ya Jumanne, kabla ya adhuhuri.

Faki alikuwa na sauti, hilo usilifute. Akiimba, hata wapishi waliacha vyungu. Lakini maneno yalimpiga chenga tangu utoto. Mie maneno yalinijia, sauti sikupewa. Mizani hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa napanga chane za ukili, majani yaliyochanwa membamba, gotini, moja kwa kila kipande cha neno: nane upande huu, nane upande ule. Chane ikibaki mkononi, neno limezidi, nalitoa. Faki alipitia hapa mchana, akila, akisema, "Dada, Alhamisi kuna harusi, nipe kitu." Nampa. Anakariri mara tatu, anajipangusa mdomo, anaondoka malenga.

Usidhani nilionewa. Ni kweli mwanamke kujibizana mashairi barazani ingekuwa fedheha kwa baba. Lakini baba alikufa, na mie niliendelea kujificha, kwa sababu pale nyuma palinipendeza. Wakisifu, moyo wangu unajua. Wakilaumu, wanamlaumu Faki. Miaka mingi niliona huo ni ujanja.

Mtu mmoja tu aliyakuta magoti yangu na chane zake, naye ni Bi Mize. Ndiyo, huyohuyo wa nyumba ya pili kutoka kisimani, ambaye mie na yeye hatuamkiani. Ulipokuwa mdogo uliniuliza kwa nini, nikakupiga kofi. Ulikuwa na miaka sita. Kofi lile lilikuwa langu, nikalitua shavuni kwako.

Mize alikuwa shoga yangu. Tulisuka pamoja, tukachomwa na jua moja tukikata miyaa ya kusukia, na alipoolewa na Kombo nilimtungia mstari wa kumtoa kwao: Mwana katoka mwa nyina, mpokeeni kwa wema. Faki akauimba. Watu wakalia, wakala, wakasahau. Huo hukuupata katika pitapita zako za kukusanya mashairi, maana hakuna aliyeuhifadhi. Alipozaa mwanawe wa mwisho, Chumu, nilimsukia mkeka wenye ukingo mwekundu. Na wewe ulipotaka kutoka tumboni miguu kwanza, mama yako, Mungu amrehemu, anakata roho, ni Mize, mkunga wetu, aliyeingiza mkono akakugeuza. Mama yako hakupona. Wewe ulipona kwa mkono ule.

Kisha vikaja vyama vingi. Wewe ulikuwa na miezi minne.

Nyinyi mnasoma siasa vitabuni, mnadhani ni mambo ya wakubwa jukwaani. Hapa ilikuwa ni nani unamuazima chumvi. Wanaume wa kijiji waliingia msikitini wakaapa kwa msahafu kwamba hakuna atakayewatoka wenziwe. Kombo aliapa nao. Haikupita miezi miwili, mtu akaja mbio kutoka Gombani: amemuona Kombo kiwanjani, kavaa kofia ya chama cha wale wengine, anapiga makofi. Wiki hiyohiyo wakaja watu na gari, wakachukua vijana sita kwa majina, mmoja mmoja, kama waliosomewa orodha. Baba yako alikuwa wa tatu. Walipomrudisha hakuweza kukaa kitako. Alilala kwa tumbo siku tisa, kisha akavuka kwenda Mombasa, na barua yake ya mwisho unayo wewe.

Hakuna aliyeuliza nani kataja majina. Kofia ilitosha kuwa ushahidi.

Jumanne ile baba yako amelala chumba cha pili, anaguna, wewe unalia njaa, mie nasuka. Chane zilijipanga zenyewe. Nane, nane. Haikubaki hata moja mkononi. Nataka ulijue hili kwa kuwa unakwenda kusomea tungo: sijapata kuunda mstari uliokaa vizuri kuliko ule. Nilifurahi. Mwanangu anaguna, nami nilifurahi.

Faki alipousikia aliacha kutafuna. Akasema, "Dada, huu mkali."

"Basi usiuimbe," nikamwambia, na nilijua atauimba.

Aliuimba Alhamisi harusini, na mtu alikuwa na redio ya kunasia sauti kwenye kanda. Jumamosi watoto waliuimba wakienda chuoni. Mwisho wa mwezi wauza samaki wa Chake walikuwa nao. Mie nilidhani ni maneno ya kumtia mtu haya. Wenzangu waliyachukua kama amri. Dukani kwa Kombo hakununuliwa hata kibiriti. Akikaa baraza, baraza inahama. Mize akipeleka sahani ya mchele penye shughuli, inarudishwa na mchele wake, haikufunuliwa. Wajawazito wakaagizwa wasimwite, na wawili walikwenda kuzaa njiani. Mie nikiyaona. Siku moja alinisalimu kisimani mbele ya watu, "Shoga, habari za asubuhi?" Nikavuta ndoo yangu.

Miezi ikaenda. Chumu akashikwa na homa. Miaka tisa, pengo mbele, miguu kama vijiti, mpenda kuruka kamba. Siku tatu tu. Alikufa alfajiri.

Unajua hapa mtu akifa inavyokuwa. Hukai kuitwa. Wanawake wanaingia na maji na ubani, wanaume wanatoa jeneza msikitini, wanachimba, na njiani wanapokezana mabega mpaka mtu hajui bega lake limeshika mara ngapi. Siku ile kijiji kilifunga milango. Nilisikia mtu uchochoroni akisema, kwa sauti ya mzaha, "Kwani malenga kasemaje?" Mwenzake akamalizia mstari.

Saa mbili Mize akaja kwangu. Alipita nyumba ya Faki, mlango u wazi, Faki yumo, hakuingia. Alikuja mpaka hapa uani. Hakuwa analia. Mikono yake ilikuwa imelowa, ameanza kumuosha mwanawe peke yake.

"Shoga," akasema, "stoo ya jeneza imefungwa, na mwenye ufunguo haonekani. Mwambie ndugu yako aseme neno moja. Aseme mstari ule haumuhusu mtoto. Watamsikia."

Nilikuwa na ukili mkononi. Nikamjibu, na maneno haya nayaandika kama yalivyotoka:

"Mize, mashairi ni ya wanaume. Mie nasuka tu."

Akaniangalia. Akaziangalia chane zilizo gotini kwangu. Akasema, "Haya." Akaenda.

Hilo ndilo nililofanya. Yote mengine niliyokosea maishani, na ni mengi, nimeyaomba msamaha au nimeyasahau. Niliolewa na mtu kwa sababu ya kanzu yake. Nilimchapa baba yako mbele ya wenzake. Hayo ni makosa ya mtu. Lile neno langu kwa Mize bado sijalipatia jina. Ningeweza kutoka mlangoni na kusema: mstari ni wangu, nimeutunga kwa hasira, toeni jeneza. Ningezomewa. Labda ningevunjiwa ua. Basi.

Nilichungulia kwenye makuti. Kombo alimtoa mwanawe mikononi, pamoja na shemeji zake wawili waliokuja kutoka mbali, hao ndio waliochimba. Mtoto amezungushiwa mkeka. Niliuona ukingo mwekundu. Ulikuwa ni ule wangu.

Watu hao watatu walipofika kona ya Faki, Faki akatoka. Hakuvaa hata kofia. Akashika upande wa miguu. Akaenda nao. Jioni alisimama barazani akasema, "Mstari ule nimeufuta." Watu wakamcheka. Mzee mmoja akamwambia, "Faki, mstari ulikuwa wako ulipokuwa mdomoni. Sasa ni wetu." Kuanzia hapo na yeye baraza ikamhama.

Wale wengine wenye gari nao hawakuwa na habari kwamba ameufuta. Walikuja na kanda, wakamchukua yeye na wengine. Waliopelekwa pamoja naye walinisimulia: wakamuuliza, "Sauti hii ya nani?" Akasema, "Yangu." "Na maneno?" Akasema, "Yangu." Hawakumuuliza mara ya tatu. Siku arubaini. Alirudi hana meno ya mbele, na taya limekwenda upande. Akisema, pumzi inamtoka kando. Sauti ile, Zuwena, iliyosimamisha wapishi. Aliishi miaka miwili, akiomba uji kwa kuonyesha kidole.

Nilimuuliza siku moja, namlisha, "Kwa nini hukunitaja?"

Ilimchukua muda kulitoa neno. "Nilipenda wakinisifu, Dada." Akapumzika. "Nawe una mtoto wa kulea."

Mtoto huyo ni wewe. Kwa hiyo usije ukadhani hadithi hii imepita mbali nawe.

Umeandika kwamba aliteswa kwa kusema kweli. Aliteswa kwa kusema uongo, ili mie nisiguswe. Na aliyetaja wale vijana sita, baadaye tulimjua, naye si Kombo. Simtaji, amekwishakufa. Jeneza lake lilibebwa na kijiji kizima, na mie nilipika chai ya hitima yake. Kombo alikufa mwaka mmoja baada yake. Wakati huo watu walikuwa wamechoka kuchukiana, wakamzika vizuri tu. Hakuna aliyeomba radhi. Walishika jeneza, wakaona wamemaliza.

Sasa utaniuliza, Bibi, kwa nini leo? Kwa nini hukusema nilipokuwa naandika? Kwa sababu nilipenda wakinisifu, kama Faki. Nilikaa hapa nikakusikia ukiusoma mstari wangu kwa ile sauti ya skuli, nikahesabu chane moyoni, nane, nane, na nilifurahi tena. Mzee kama mie, na kaburi la mtoto nalijua lilipo. Ndipo nilipoogopa. Nikaona nitakufa nao mdomoni, wewe utauchapa, na watoto wengine watausoma darasani, wataupenda kwa jinsi ulivyokaa. Umekaa vizuri mno. Hiyo ndiyo shida yake. Mstari mbovu ungeishia palepale harusini.

Leo asubuhi, ulipokuwa unafunga begi, nilikwenda kwa Bi Mize. Miaka ishirini, na nyumba yenyewe ukitema mate yanafika. Nilimkuta anachambua mchele. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Nikasimama kama mdaiwa, nikasema, "Mize, mstari ule niliutunga mie."

Hakuacha kuchambua. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoimbwa. Mie si nilikuwa nakaa pembeni yako? Mstari wa harusi yangu nilijua ni wako, nikaujua na huo." Akapuliza pumba. "Siku ile nilikuja kwako. Sikwenda kwa Faki. Hukujiuliza kwa nini?"

Zuwena, sikujiuliza. Miaka ishirini sikujiuliza. Alinipa njia ya kutoka bila kuaibika, akasema "mwambie ndugu yako" ili nisilazimike kukiri mbele yake, huku maji ya maiti ya mwanawe yanamchuruzika mikononi. Nami nikamwambia nasuka tu.

Nikamwambia, "Nisamehe." Akasema, "Hilo sina. Nimelitafuta, sina." Halafu akaniuliza habari zako, unaondoka saa ngapi, kama kitovu chako kilipona vizuri maana kilimsumbua. Nikamweleza habari ya daftari na kitabu kitakachopigwa chapa. Akauweka mchele chini. Mwishowe akasema, "Wameandika mstari, wameandika malenga, wameandika na mateso yake. Mwanangu wamemuandika wapi?"

Nikarudi nyumbani.

Sikwambii uuchane ukurasa. Ukiuchana, mstari utaendelea kuimbwa huko nje bila mwenyewe, kama ulivyokuwa. Wala sitaki unitie mie katika safu ya malenga wako, niketi kati ya wafungwa na waliokatwa vichwa. Andika lililotokea. Mwalimu wako huenda asipende. Huenda akasema, "Binti, hii haina fahari, tuache ile ya mwanzo." Hapo utakuwa peke yako, na nitakuelewa ukishindwa. Mie nilishindwa mbele ya mtu mmoja tu, tena shoga yangu, uani kwangu. Lakini ukishindwa, ujue kwamba umeshindwa, usije ukaliita jambo hilo jina jingine. Na usinipunguzie mapenzi kwa ajili ya barua hii. Nipende vilevile, ukiwa na hasira. Mie ndivyo ninavyokupenda wewe siku zote, na hasira zangu unazijua.

Katika ukurasa wa Faki uliacha kisanduku cha picha, ukaandika pembeni kwa kalamu ya risasi, "picha haikupatikana." Nimechukua kalamu yako nyekundu. Nimeandika ndani yake kwa herufi zangu hizi, polepole, ili lisomeke: Chumu binti Kombo. Ni wino, halifutiki.

Nasikia lango, unarudi. Barua naikunja ndani ya daftari, na daftari naliweka juu ya nguo zako, si chini.

Utakapofika huko uulizwe hili ni jina la nani, usiseme ni la malenga. Sema ni la mtoto aliyenyimwa mabega. Mbebe wewe. Alikuwa na miaka tisa, hakuwa mzito.

Bibi yako aliyekulea,
Asha